Usibomoe ukuta kufungua fremu kabla ya kumuona mhandisi

MSIMU wa mavuno unapokwisha na fedha zikaingia mkononi, kazi ya kwanza kwa familia nyingi huwa ni nyumba. Mkulima wa mahindi anaongeza vyumba viwili nyuma. Mfanyabiashara mdogo anabomoa ukuta wa sebule unaotazama barabara ili apate fremu ya duka. Mwenye nyumba mjini anapandisha ghorofa juu ya nyumba iliyopo ili apate wapangaji.

Mara nyingi kazi hizo huanza na fundi mmoja, vibarua wawili na makubaliano ya mdomo. Hakuna mchoro, hakuna aliyepima msingi, na hakuna anayejua nondo za nguzo zilizopo ni za unene gani. Mwenye nyumba huona ameokoa fedha za mtaalamu, na kwa siku za mwanzo huwa kweli ameziokoa.

Tatizo ni kwamba nyumba iliyokwisha kujengwa ilihesabiwa, au ilikisiwa, kwa mzigo wake wa mwanzo. Ukiondoa ukuta, ukiongeza sakafu au ukibadili matumizi, mzigo huo unahama. Unakwenda kulemea mahali pengine ambapo pengine hapakuandaliwa kuubeba.

Yaliyotokea Kariakoo na Zanzibar

Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne katika eneo la Kariakoo, Dar es Salaam, liliporomoka asubuhi likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha na wengine wengi waliokolewa kutoka kwenye kifusi baada ya siku kadhaa za kuchimba.

Hilo halikuwa jengo jipya lililokuwa likijengwa. Lilikuwa limekamilika na maduka yake yalikuwa yakifanya kazi. Mashuhuda waliozungumza na vyombo vya habari siku hizo walieleza kuwa kulikuwa na kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo. Baada ya tukio hilo Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo.

Miaka minne kabla ya hapo, Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib katika Mji Mkongwe wa Zanzibar iliporomoka na kuua watu wawili. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 na lilikuwa katika ukarabati. Tukio hilo linaonyesha kuwa hata pale palipo na mradi rasmi, kugusa jengo la zamani ni kazi ya hatari kuliko kujenga jipya.

Huko Bangladesh, Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza lililokuwa na viwanda vya nguo lilianguka na kuua watu zaidi ya 1,100. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa bila kibali, na nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Wafanyakazi waliamriwa kurudi kazini.

Matukio hayo matatu hayakufanana kwa ukubwa wala chanzo, lakini yote yalitokea kwenye jengo lililokuwa limesimama siku zote. Kusimama kwa nyumba kwa miaka 20 hakuthibitishi kuwa itavumilia mabadiliko ya leo.

Uzito ambao jicho halioni

Watu wengi hushangaa wakielezwa uzito wa vitu wanavyoongeza kwenye nyumba zao. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa takriban kilo 2,400. Slabu ya unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba.

Kwa nyumba yenye eneo la mita za mraba 100, slabu hiyo peke yake ni tani 36. Hiyo ni sawa na shehena ya malori matano ya tani saba, kabla ya kupanga tofali hata moja la ghorofa mpya, kabla ya paa, fanicha na wapangaji.

Ukuta nao si mwepesi. Ukuta wa matofali ya saruji ya inchi sita yasiyo na matundu, wenye kimo cha mita tatu, una uzito wa karibu kilo 900 kwa kila mita moja ya urefu. Ukuta wa mita nne wa kugawa chumba juu ya ghorofa unaweza kufika tani tatu na nusu. Fundi akiujenga katikati ya slabu isiyo na bimu chini yake, slabu itaanza kubonyea.

Mfanyabiashara wa nafaka ana hatari yake mwenyewe. Viwango ambavyo wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamevitumia kwa muda mrefu, vyenye asili ya Uingereza, huhesabu sakafu ya nyumba ya kuishi kubeba kilo 150 kwa mita ya mraba. Sakafu ya duka huhesabiwa kilo 400.

Sasa chukua magunia matano ya mahindi ya kilo 100, yapange moja juu ya jingine. Hizo ni kilo 500 kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba. Chumba cha kulala cha ghorofani kikigeuzwa stoo ya nafaka kinabeba zaidi ya mara tatu ya mzigo kiliohesabiwa, hata kama hakuna ukuta uliobomolewa.

Hali kadhalika tanki la maji. Tanki la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano. Wengi huliweka juu ya slabu ya veranda au ya choo kwa sababu panapatikana kimo kizuri cha maji kushuka, bila kuuliza slabu hiyo imebebwa na nini.

Na paa pia. Mabati ya geji 30 yana uzito wa karibu kilo tatu kwa mita ya mraba, wakati vigae vya saruji hufika kilo 40 hadi 50. Anayetoa mabati na kuweka vigae juu ya kenchi zilezile anaongeza mzigo zaidi ya mara kumi.

Fremu ya duka: kazi ndogo yenye hatari kubwa

Katika mitaa mingi, kazi inayofanyika zaidi ni kufungua fremu. Ukuta wa mbele hukatwa mita mbili na nusu au tatu, mlango wa chuma hufungwa, na chumba huanza kuleta kodi.

Ukuta huo wa nje kwa kawaida ndio unaobeba kenchi za paa. Lenta iliyopo ilimwagwa kwa ajili ya dirisha la mita moja na nusu. Ikiachwa wazi kwa mita tatu bila bimu mpya, itapinda na kupasuka katikati.

Aidha, uzito uliokuwa umesambaa kwenye ukuta mzima sasa unashuka kwenye vipande viwili vya ukuta vilivyobaki pembeni. Msingi chini ya vipande hivyo unaweza kudidimia kidogo kidogo, hasa mvua zikianza.

Njia sahihi inajulikana. Kwanza paa na ukuta wa juu hushikiliwa kwa mirunda au vyuma imara pande zote mbili. Pili, ukuta hukatwa kwa sehemu, si kwa nyundo kubwa kwa siku moja. Tatu, bimu mpya humwagwa ikiwa imelala vya kutosha juu ya ukuta au nguzo pande zote mbili, kwa nondo zilizohesabiwa.

Nne ni subira. Zege hupimwa nguvu yake kamili baada ya siku 28, na katika siku saba za kwanza huwa limefika takriban theluthi mbili tu. Lazima limwagiliwe maji angalau siku hizo saba. Mirunda chini ya bimu haiondolewi kwa sababu mpangaji ana haraka. Huondolewa siku ambayo mhandisi ametaja.

Kazi ya mhandisi hapa si kubwa. Anaweza kuhitaji kufika mara mbili au tatu: kukagua kabla ya kubomoa, kuangalia nondo kabla ya zege kumwagwa, na kuruhusu mirunda kutolewa. Lakini ziara hizo ndizo zinazotofautisha fremu ya kudumu na ukuta wa kuanguka.

Nani anafanya nini

Wananchi wengi huwaita wote 'injinia', lakini kazi zao ni tofauti na mwenye nyumba akichanganya hupoteza fedha.

Mbunifu majengo, ambaye wengine humwita msanifu, ndiye anayepanga nyumba: vyumba vikae wapi, ngazi zipite wapi, mwanga na hewa viingieje, duka litenganishweje na makazi. Ndiye pia anayeandaa michoro inayopelekwa halmashauri.

Mhandisi wa miundo ya majengo hushughulika na kinachobeba nyumba: msingi, nguzo, bimu, slabu na ngazi. Huhesabu ukubwa wa zege, idadi na unene wa nondo, na husema kama nyumba iliyopo inaweza kuongezwa au haiwezi.

Mkadiriaji majenzi huhesabu gharama na vifaa. Kwa kazi kubwa yeye humsaidia mwenye nyumba kujua kama saruji mifuko 300 iliyotajwa na fundi ni kweli au imezidishwa.

Mkandarasi ndiye anayejenga kwa mkataba, na husajiliwa kwa madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba kwa kadiri ya uwezo wake. Fundi ana ujuzi wa mikono ambao hauna mbadala, lakini kuhesabu mzigo wa ghorofa si kazi yake, na fundi mwaminifu husema hivyo mwenyewe.

Kwa Tanzania Bara, wataalamu hawa wanasimamiwa na bodi tatu zilizoanzishwa kwa sheria. Wahandisi wako chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Wabunifu na wakadiriaji wako chini ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB. Makandarasi wako chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB.

Mwenye nyumba ana haki ya kumwomba mtaalamu namba yake ya usajili, kisha kuuliza bodi husika kama jina hilo lipo na usajili wake bado uko hai. Hilo lifanyike kabla ya kutoa hata shilingi ya utangulizi.

Wakati gani mtaalamu ni lazima

Si kila ukarabati unahitaji mhandisi. Kupaka rangi, kupiga plasta upya, kubadili mabati kwa mabati, kuweka vigae vya sakafuni chini, au kubadili mlango kwa kipimo kilekile ni kazi ya fundi mzuri. Anayelazimishwa kulipia michoro kwa kazi hizo anapotezewa fedha.

Lakini yapo mambo ambayo fundi peke yake hatoshi: kuongeza ghorofa, kuondoa au kutoboa ukuta unaobeba paa au slabu, kukata nguzo au bimu, kuchimba karibu na msingi au chini yake, kuweka tanki kubwa juu, kugeuza chumba cha ghorofani kuwa stoo, na nyumba yoyote iliyoanza kupasuka.

Kuhusu nyufa, zipo za plasta tu, nyembamba kama unywele, ambazo hazina madhara makubwa. Ufa wa kuogopwa ni ule unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, unaopita hadi upande wa pili wa ukuta, au unaofika upana wa milimita tano na kuendelea.

Kipimo rahisi ni kuchora mistari kwa penseli kwenye ncha za ufa na kuandika tarehe. Baada ya wiki kadhaa, kama ufa umepita mstari au umepanuka, nyumba inasogea. Kuziba ufa kama huo kwa saruji na kupaka rangi ni kuficha ugonjwa.

Maeneo yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbuga, yanahitaji uangalifu zaidi. Udongo huo huvimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, hivyo msingi mfupi hupandishwa na kushushwa kila mwaka. Vyumba vipya vikiungwa moja kwa moja na nyumba ya zamani, ufa hutokea kwenye maungio.

Kwa wakazi wa pwani, tatizo ni chumvi. Zege lililochanganywa na mchanga wa baharini huozesha nondo. Kutu huvimba na kubandua zege, na mara nyingine nondo huonekana wazi chini ya slabu. Kabla ya kuongeza chochote juu ya slabu kama hiyo, ni lazima ikaguliwe.

Namna ya kumpata na kumlipa

Hatua ya kwanza ni ukaguzi, si michoro. Mhandisi mzuri hawezi kukubali ghorofa ya pili kwa simu. Atachimba shimo dogo pembeni ya msingi kuona kina na upana wake, ataangalia udongo, atapima zege na kutafuta nondo za nguzo. Kama michoro ya zamani ipo ataiomba.

Ukaguzi huo ulipiwe peke yake, na mwenye nyumba apewe ripoti ya maandishi. Jibu linaweza kuwa 'haiwezekani'. Hilo ni jibu lenye thamani, kwa sababu linaokoa mamilioni ya kuongeza ghorofa isiyostahili.

Baada ya hapo ndipo yafuate makubaliano ya michoro na usimamizi. Malipo hupangwa kwa njia tatu: asilimia ya gharama ya ujenzi, kiasi kimoja cha kazi nzima, au malipo kwa kila ziara. Kwa kazi ndogo kama fremu, malipo ya ziara au kiasi kimoja humfaa zaidi mwenye nyumba.

Mkataba uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Utaje kazi itakayofanywa, idadi ya nakala za michoro, idadi ya ziara kwenye eneo la kazi, muda, na malipo kwa hatua. Fedha zote zisitolewe mwanzoni. Sehemu ibaki hadi zege la mwisho likaguliwe.

Maswali machache yanatosha kumpima mtaalamu. Amewahi kufanya kazi kwenye nyumba iliyopo, au mpya tu? Ziko wapi, na zinaweza kuonekana? Atafika yeye au atatuma msaidizi? Atakuwepo siku ya kumwaga zege?

Jambo la kuepuka ni ramani ya kununua. Zipo ramani zinazouzwa zikiwa tayari, na zinaweza kumsaidia mtu kupata wazo. Lakini ramani hiyo haijui udongo wa kiwanja wala msingi wa nyumba iliyopo. Mbaya zaidi ni mhuri wa kuazima, ambapo mtu asiyesajiliwa huchora na mwenye usajili hugonga mhuri bila kufika. Mwenye nyumba asipomuona aliyegonga mhuri, asikubali mchoro.

Kibali na matumizi ya ardhi

Kuongeza jengo au kulibadili katika eneo la mji kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Maombi huambatana na michoro na uthibitisho wa umiliki. Kwa ghorofa, michoro ya mhandisi huhitajika pamoja na ile ya mbunifu.

Kugeuza nyumba ya makazi kuwa ya biashara ni suala jingine. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali cha kubadili matumizi ya ardhi. Wengi hufungua fremu bila kulifikiria hilo, kisha hukuta alama ya X ukutani au hukwama siku wanapotaka kuweka nyumba dhamana ya mkopo.

Kwa anayetumia mkandarasi, bango la kazi linaloonyesha majina ya wahusika liwekwe kwenye eneo la ujenzi. Bango hilo humlinda mwenye nyumba pia, kwa kuwa kila mtaalamu anajulikana anawajibika kwa nini.

Kupanga kwa kalenda ya shamba

Kwa mkulima, kosa linalojirudia ni kusubiri fedha ndipo atafute mtaalamu. Nyanda za Juu Kusini mahindi huvunwa kati ya Mei na Agosti, na mvua huanza Novemba. Anayeanza kutafuta mchoro Septemba hufukua msingi mvua zikinyesha.

Mkulima wa korosho yuko kwenye hali ngumu zaidi. Minada huanza Oktoba, na Desemba mvua huwa zimeshaanza kusini. Kwake ukaguzi na michoro vingefanyika kati ya Juni na Agosti, ili fedha za minada zikute kibali kiko tayari.

Kwa walio vijijini, ambako mhandisi hapatikani kirahisi, majirani watatu au wanne wanaweza kumwita pamoja na kugawana nauli na posho ya siku moja. Ofisi ya mhandisi wa halmashauri nayo ni mahali pa kuuliza, hata kama ni kwa ushauri wa awali tu.

Wanaopaswa kufanya hesabu hii si wenye nyumba pekee. Mpangaji anayelipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa fremu iliyokatwa juzi anaweka mtaji wake, na maisha ya wateja wake, chini ya bimu hiyo. Ana haki ya kuuliza nani aliihesabu, na kuangalia kama kuna ufa juu ya mlango kabla ya kusaini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa anayetaka kubadili nyumba yake leo, ushauri ni kuanza hata kabla ya ufa: atoe kwanza fedha ya ukaguzi, asome ripoti, kisha ndipo anunue mfuko wa kwanza wa saruji.